Lebo Iliyoitwa Ilale

Kwa miaka saba niliketi chumba kimoja na Mzee wa Masijala, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akipoteza karatasi. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kule Bukundi kuna watu wanaoamini kwamba alilala na barua yao, na kwamba kwa uzembe wake mtoto alikufa. Si kweli. Sentensi iliyoificha barua ile niliiandika mimi, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai pembeni. Yeye ndiye aliyebeba lawama, na mimi nilikuwa palepale nikiandika muhtasari wa kikao. Nitafika huko. Kwanza nataka mumjue, maana alikuwa mtu wa kuudhi sana na nisingependa mtu yeyote amfanye mtakatifu.

Ofisi yetu iko Bariadi mjini, nyuma ya maduka ya vipuri vya baiskeli. Ni shirika dogo linalohudumia visima vya pampu vijijini. Pampu ikivunjika Mwamapalala, au maji yakibadilika rangi sehemu nyingine, mtendaji wa kijiji anatuandikia na sisi tunatuma fundi. Barua zote, za karatasi na za barua pepe, zilipita kwanza mikononi mwake. Hakuna mkubwa aliyesoma barua kabla yake, hata mkurugenzi.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Herufi zake zilisimama wima, na kila r aliyoiandika ilikuwa na mkia mdogo ulionyanyuka. Lakini akifungua mdomo r hizo zilipotea zote, kama ilivyo kwa wazee wetu wengi waliokulia Kisukuma. Aliandika barua na kusema balua. Sisi vijana wa ofisi tulimcheka, na yeye alijua tunamcheka, akawa anarudia neno hilo kwa makusudi mbele ya wageni kutoka Dar es Salaam huku akiwatazama machoni kuona nani atathubutu kutabasamu.

Wageni hao aliwatesa kwa salamu. Ukiingia masijala na kusema tu "Naomba jalada la visima," alikuwa anaendelea kupanga karatasi zake kana kwamba upepo umefungua mlango. Ilibidi urudi kwenye mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, uulizwe umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, na ng'ombe je. Kuna mkaguzi mmoja aliyevaa miwani ya jua aliyejibu kwamba yeye anaishi ghorofani na hana hata kuku. Mzee alimpa pole kwa dhati kabisa, kama mtu aliyefiwa, ndipo akampa jalada.

Alihubiri kuwahi kazini, na kila siku ya mnada alichelewa. Alikuwa anapitia mnadani kutazama ng'ombe asioweza kuwanunua, akiwashika meno na kuwapigapiga mbavuni, kisha anaingia ofisini saa nne akinuka zizi na kutuuliza kwa nini ripoti hazijakamilika. Mchana alivuka uwanja kwenda kucheza drafti na muuza mabomba, mfanyabiashara wa Kiislamu mwenye duka mkabala na dirisha letu. Walichezea vizibo vya soda. Muuza mabomba alikuwa akilalamika kwa sauti mtaa mzima usikie: "Mzee huyu anajua kila barua ya mkoa huu ilipo, lakini kete zangu zikitoweka hajui zimekwenda wapi!" Na kweli alikuwa anaiba. Niliwahi kumwona kwa macho yangu akificha kizibo ndani ya soksi.

Mimi aliniita mayu, kama wazee wanavyowaita mabinti wanaowapenda au wanaotaka kuwagombeza. Kwangu mara nyingi ilikuwa hiyo ya pili. Ripoti yangu ya kwanza aliirudisha ikiwa imekatwa mahali pamoja tu, kwenye maneno "kwa sasa".

"Sasa ipi, mayu?" aliniuliza. "Sasa ya leo, au sasa ya mpaka mvua zije?"

"Ni namna ya kuandika tu, baba. Kila mtu anaandika hivyo."

"Ndiyo maana hakuna anayejua lini kitu kitafanyika."

Niliendelea kuyatumia. Yalinitoka mkononi yenyewe, na kila mara aliyakata bila kusema neno. Baada ya mwaka mmoja ofisi nzima ilijua kwamba andiko lenye "kwa sasa" ni langu.

Sasa nieleze lebo zake, maana humo ndimo balaa lilipoanzia. Zamani za karatasi alikuwa na masanduku matano ya mbao, kila moja na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene. Tulipohamia barua pepe, aliketi na fundi wa kompyuta siku nzima mpaka masanduku yale yakageuka lebo, kwa majina yaleyale, kwa herufi kubwa. IMEJIBIWA haikuhitaji maelezo. MKALI ilibandikwa kwenye barua ambayo mwandishi wake ana hasira, ili apigiwe simu na asijibiwe kwa maandishi. NG'OMBE KWANZA zilikuwa barua za vijiji ambako mifugo inafika kisimani kabla ya akina mama, na huko ugomvi hauishi. NGOJA MVUA mimi nilidhani ni kungoja mvua ije. Kumbe ni kungoja iishe, barabara ya Meatu ipitike, fundi aende. Ya tano ilikuwa ILALE.

Mwaka juzi makao makuu walituletea zana mpya. Wenyewe waliiita wakala wa akili mnemba: programu inayojisomea barua pepe, na kwa kila lebo inajua la kufanya bila kushikwa mkono. Inaweza kuunda lebo, kubadilisha jina lake, kuibandika, kuibandua, na kuipeleka barua inakostahili. Kila asubuhi inampangia mtunza masijala orodha ya barua za siku, ili asihangaike kupekua. Mzee aliitazama kwa muda, akaipa jina lake mwenyewe: karani asiyekunywa chai.

Kazi yangu ilikuwa kuiandikia mwongozo. Nilitakiwa kueleza kila lebo, maana yake, na wakala afanye nini akiikuta. Nilijivunia kazi ile, siwafichi. Nilikuwa nimechoka kuandika ripoti za mabomba.

"Na huyu karani wako," Mzee aliniuliza siku ya kwanza, "asipoelewa neno anamwuliza nani?"

"Haulizi, baba. Anafanya kilichoandikwa kwenye mwongozo."

"Hata kikiwa cha kijinga?"

"Hata kikiwa cha kijinga."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Basi uandike pole pole, mayu. Uandike kama unamwandikia mtu ambaye hana mama wala jirani wa kumwuliza."

Nilimwuliza maana ya lebo nne, moja baada ya nyingine, na ile ya NGOJA MVUA ilinifundisha kwamba majina yake hayasemi yanachoonekana kusema. Ningepaswa kukumbuka hilo. Nilipofika ya tano ilikuwa mchana, na makao makuu walitaka mwongozo kabla ya jioni. Mzee alikuwa ng'ambo ya uwanja kwenye drafti. Nilisikia vizibo vikigonga ubao na muuza mabomba akilalamika. Hatua thelathini, labda arobaini. Jua lilikuwa kali na viatu nilikuwa nimevivua chini ya meza.

Kila aliyefanya kazi ofisini katika nchi hii anajua faili lililolala ni faili gani. Nikaandika: "ILALE. Barua zisizohitaji hatua kwa sasa. Wakala aziondoe kwenye orodha ya siku na asitume taarifa." Kwenye jalada la mbele nikaandika kwamba mwongozo umeandaliwa na Masijala, maana kwetu andiko hutoka kwa jina la idara na mkubwa wake, na nilidhani namheshimu.

Kwake neno lile lilikuwa kinyume. Alipoandika "ilale" alimaanisha ilale kwangu. Barua hii isipelekwe kwa mtu mwingine wala isifungiwe kabatini. Ikae juu ya meza yangu, niikute kesho kabla ya chai, na keshokutwa, mpaka jambo lake limekwisha. Ilikuwa lebo ya barua za hatari. Katika miaka saba alikuwa ameitumia mara chache mno, na pengine ndiyo sababu sikuwahi kuona inavyofanya kazi.

Wiki chache baadaye barua ilikuja kutoka kijiji kimoja cha Bukundi, kule Meatu. Iliandikwa na mtendaji kwa maneno ya katibu wa kamati ya maji, mwanamke anayeishi karibu na kisima cha shule. Ilikuwa msimu wa kupulizia pamba dawa ya wadudu. Ilisema kuna watu wanaosha pampu za kupulizia pale kisimani, maji yananuka dawa, mbuzi watatu walionywea pale wamekufa, na wanaomba mtu aje apime na kisima kifungwe. Mzee aliisoma, akaibandikia ILALE. Akapiga simu ya mtendaji mara mbili, mtandao haukushika. Siku ileile alipata habari kwamba kaka yake mkubwa amefariki, akaondoka kwenda Maswa kuzika. Aliondoka bila wasiwasi. Barua ilikuwa inalala kwake; orodha ya asubuhi ingetukumbusha tuliobaki, na akirudi ataikuta juu.

Wakala alisoma mwongozo wangu, akaiondoa kwenye orodha, na hakutuma taarifa.

Mzee alirudi baada ya matanga, amekonda, amevaa shati jeusi. Alifungua orodha ya asubuhi akaisoma mpaka chini, kisha akarudia juu.

"Mayu, ile yangu iliyolala mbona siioni?"

Nilifungua taarifa ya zana. Iliandika: ILALE, barua moja, imeshughulikiwa. Maana yake ilikuwa kwamba programu imemaliza kufanya ilichoagizwa, yaani kuiweka pembeni. Nami nikamsomea kama ilivyo, hata sikuinua kichwa.

"Imeshughulikiwa, baba."

Alidhani fundi amekwenda. Mtu yeyote angedhani hivyo. Alishusha pumzi, akasema, "Mungu ni mwema," akaendelea na kazi. Hilo ndilo linalonirudia zaidi ya kila kitu, alivyoniamini bila kuuliza mara ya pili, mtu ambaye aliwahi kukataa kuamini kalenda mpaka alinganishe na ya jirani.

Siku ya tatu simu ilipigwa. Watoto wanne wa shule walikuwa wamelazwa, na wa tano, msichana wa darasa la pili, hakufika hospitali. Alikuwa mtoto wa katibu wa kamati ya maji, yule mama aliyetuomba tukifunge kisima.

Mzee aliweka simu chini taratibu. Akaifungua kompyuta, akatafuta lebo kwa mkono wake mwenyewe, barua moja baada ya nyingine, mpaka akaikuta ilipofichwa. Sikuthubutu kumsogelea. Mchana muuza mabomba alipiga mluzi kutoka dukani kwake kama kawaida, akapiga tena, kisha akanyamaza.

Walikuja watu watatu kutoka makao makuu. Kikao kilifanyika masijala kwa kuwa chumba kingine hakina viti vya kutosha, na mimi niliitwa kuandika muhtasari. Walikuwa wapole. Walikuwa na karatasi inayoonyesha nani alibandika lebo, siku gani, saa ngapi.

"Mzee, lebo hii uliiweka wewe?"

"Niliiweka mimi."

"Na kwa mujibu wa mwongozo wa idara yako, lebo hii ni ya barua zisizohitaji hatua. Ndivyo?"

Mwongozo ulikuwa mbele yake. Alivaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole mpaka kidole kikasimama. Najua kilisimama wapi. Kilisimama kwenye yale maneno mawili. Aliinua macho akanitazama, si kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye karatasi.

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa," alisema.

Wakangoja aongeze neno. Na mimi niliyekuwa na kalamu mkononi nikaandika: "Mtunza masijala amekiri." Niliogopa. Nimelitafuta neno zuri zaidi ya hilo, sijalipata. Nilikuwa nimeshazoea kuonekana binti mwenye akili wa ofisi ile, na sikuweza kusimama mbele ya wageni wale na kuwa kitu kingine. Jioni ile Mzee alikusanya kalamu zake, akaviacha vipande vyake vitano vya boksi juu ya kabati, akaambiwa akapumzike. Msimu ule wa pamba ukaisha. Kijijini walielezwa kwamba karani aliyehusika ameondolewa. Jina lake lilitajwa kwenye mkutano wa hadhara.

Mwongozo niliurekebisha kesho yake. Ilinichukua muda wa kunywa chai.

Nilimwona tena mwaka huu, nyumbani kwake Ipililo. Nilikwenda na barua ya kurasa mbili kwa mkurugenzi, inayosema kila nilichokisema hapa. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi na kila mara nimekosa ujasiri wa kuituma. Nilitaka aisome kwanza. Nadhani nilitaka pia anionee huruma, niwe mkweli.

Mkewe alinikuta nje ya ua. "Mwadila, mayu," akasema. Nikaitika mwadila, tukaulizana mpaka salamu zikaisha. "Yuko ndani na mgonjwa wake."

Nilidhani ni mjukuu. Ndani, kwenye chumba anacholala, pembeni ya kitanda chake, alikuwapo ndama juu ya magunia. Mbavu zake zilionekana zote na pua imekauka. Mzee alikuwa amepiga magoti akimnywesha maji kwa chupa ya soda. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Kwa nini umemleta humu, baba?" niliuliza.

"Mzima ndiye analala zizini," alinijibu bila kugeuka. "Mgonjwa analala hapa, karibu na kichwa changu, nimsikie akikohoa. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu alikuwa akituambia, huyu alale kwangu leo."

Nililia palepale mlangoni. Hakunibembeleza. Alimaliza kumnywesha ndama, akafuta mikono kwenye suruali, akanionyesha kigoda. Mkewe akaleta chai. Nilimpa barua, akavaa miwani, akaisoma pole pole kama alivyokuwa akisoma barua zote, na alipofika ukurasa wa pili akatoa kalamu mfukoni. Nilikuwa nimeandika, "Kwa sasa sina la kujitetea." Alikata maneno mawili ya mwanzo.

"Ulijua siku ile ya kikao," nikasema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Alikunywa chai. "Mimi sijakusamehe, mayu. Usije ukadhani chai hii ni msamaha. Hii ni chai."

Nikasema ndiyo, baba. Nikasema nitaituma kwa mkurugenzi kesho asubuhi.

"Mkurugenzi wa nini?" Alirudi ukurasa wa kwanza, na kwa mwandiko ule wa kusimama, ingawa sasa ulikuwa unayumba, akakata cheo na anwani yote. "Hawa wataisoma wamekaa kwenye viti, wataiweka kwenye jalada. Mdogo wangu ameoa Bukundi. Ananiambia yule mama akisikia natajwa kanisani anatoka nje. Anasimama juani mpaka watu wamalize. Yule ndiye uliyepaswa kumwandikia hii balua. Na kwake usiitume. Umpelekee, ukae chini, umsomee."

Juu ya maneno aliyokata aliandika: Mama wa mtoto, Bukundi. Kisha kwenye pembe ya juu, mahali alipokuwa akiandika maagizo yake siku zote, akaandika neno moja, akanirudishia.

ILALE.

Nililitazama, na maana yangu ya zamani ikanitangulia mdomoni. "Maana yake nisubiri kwanza, baba?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Mzee wa Masijala akikosa nguvu ya kunigombeza.

"Mpaka leo, mayu," alisema, "bado unalisoma neno langu kwa maana yako."

Ndama alikohoa, naye akageuka kumshughulikia. Mkewe ndiye aliyenisindikiza mpaka njiani.

Barua iko hapa chumbani, karibu na mto wangu. Kila asubuhi kabla ya chai naifungua, naisoma yote mpaka mwisho, kisha naikunja. Mvua zimekwisha, na barabara ya Meatu inapitika. Bado sijakwenda Bukundi.